Flaski Tatu za Maji Yaliyoganda

Nilichapwa viboko sita kwa kosa la barafu. Watu wakinisikia nikisema hivyo hucheka, hudhani natafuta utani, na mimi huwaacha wacheke kwanza. Halafu nawaeleza.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya kutwa mjini Bunda. Niliishi Guta kwa mama mdogo, nikitembea asubuhi na jioni kati ya mashamba ya pamba na mtama, viatu mkononi wakati wa mvua. Katika darasa letu la fizikia mimi ndiye niliyepewa ufunguo wa maabara. Sikuupata kwa kupendelewa. Niliupata kwa sababu nilikuwa nafika mapema, nafuta meza, nasoma majina yaliyobandikwa kwenye makabati hadi nikayajua yote, na mwalimu akaona heri kazi hiyo apewe mtu anayeipenda.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mtu nadhifu mno. Suruali zake zilikuwa na mkunjo mmoja ulionyooka kuanzia kiunoni hadi kwenye kiatu. Alifundisha kwa Kiingereza cha haraka, huku akiandika ubaoni na mgongo ametugeuzia, na sisi tulinakili. Siku ya mada ya joto alisema vitu vyote vikipoa husinyaa, isipokuwa maji, ambayo yakikaribia kuganda hutanuka. Akaandika neno refu la Kiingereza ambalo sisi tulilitamka "anomalasi". Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba Anomalasi ni jina la mzungu aliyeligundua jambo hilo, na nilikuwa namwonea wivu.

Nilinyoosha mkono siku ile. "Mwalimu, kwa nini?"

Akanisimamisha. Kiswahili kilikuwa hakiruhusiwi darasani. Nikasimama pale huku wenzangu wakinitazama, nikakusanya maneno, nikauliza tena kwa Kiingereza: kwa nini maji yatanuke wakati vitu vingine havitanuki?

"Kwa sababu ni anomalasi," alijibu. "Kaa chini."

Nikakaa. Nilikuwa nimeuliza swali na nikapewa jina la swali. Wakati huo sikujua kulisema hivyo, lakini nilijua kwamba sijajibiwa.

Sasa, maabara yetu ilikuwa na friji moja kuukuu, la mlango mmoja, lenye kisanduku cha kugandishia juu na rafu chini. Na ilikuwa na flaski tatu za kioo, zenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba, ambazo zilikuwa fahari ya shule. Zilikuwa zimeletwa na wafadhili. Mgeni yeyote aliyekuja, mkuu wa shule alimleta maabara azione.

Ijumaa moja mwalimu aliniita mchana. Umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi. Alikuwa amezijaza flaski zote tatu maji safi hadi juu kabisa, yeye mwenyewe kwa mkono wake, na kuzikandamizia vizibo vya mpira. Jumatatu kidato cha nne walikuwa na jaribio lililohitaji maji ya baridi. Akaniambia nizitie kwenye friji. Nikafungua. Chini kote kulikuwa na sato wake, ndani ya mfuko wa plastiki, wanene, aliowanunua asubuhi kwa wavuvi.

"Chini hapana nafasi, mwalimu. Kuna samaki."

"Weka juu."

"Huku juu kwenye barafu?"

"Unaona barafu hapo? Umeme haupo. Weka."

Nikazipanga juu, moja moja, kama mayai. Jioni alikuja akachukua samaki wake akaenda nao nyumbani. Flaski hakuzigusa. Nami sikuzigusa, kwa sababu sikuambiwa. Nikafunga mlango wa maabara nikaenda zangu Guta. Jumamosi umeme ukarudi.

Jumatatu asubuhi nilifika wa kwanza kama kawaida. Nikafungua friji, nikafungua kile kisanduku cha juu, na nitakachokisema hapa ndicho kinachoniuma kuliko viboko: nilifurahi. Flaski zote tatu zilikuwa zimepasuka matumbo. Vipande vya kioo vilikuwa vimeng'ang'ania barafu, na barafu yenyewe ilikuwa imesimama peke yake, nyeupe katikati na angavu pembeni, imechukua umbo la flaski hadi kwenye shingo. Kizibo kimoja kilikuwa kimesukumwa nje, kimekaa juu ya kidole cha barafu. Nililiona neno la ubaoni kwa macho yangu. Nikakimbia hadi ofisi ya walimu, nikasahau hata kuamkia.

"Mwalimu! Njoo uone! Anomalasi!"

Alikuja. Akatazama. Kisha akageuka akatazama mlangoni, akahakikisha hakuna mtu, na hapo furaha yangu yote ikashuka miguuni.

"Nani aliweka hizi huku?"

"Mimi, mwalimu. Ulisema niweke juu."

"Nilisema friji. Sikusema kwenye barafu."

"Mwalimu, ulisema..."

"Ufunguo uko kwa nani?"

Kufika saa nne nilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule. Hakuniuliza chochote. Alimuuliza mwalimu, mwalimu akasema nilizitia humo kwa uzembe au kwa kuchezea, na kwamba ufunguo ninao mimi peke yangu. Viboko sita. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilikuja kujua kwamba kanuni hairuhusu kuzidi vinne, na kwamba mtoto wa kike anatakiwa achapwe na mwalimu wa kike, mikononi. Mimi nilichapwa na mkuu mwenyewe, nimeinama, mwalimu wa fizikia akiwa amesimama dirishani anaangalia bendera. Kisha nikaambiwa nirudi nyumbani, nisionekane shuleni mpaka nije na mzazi.

Baba alikuwa visiwani akivua, hatukujua atarudi lini. Mzazi aliyekuwepo ni mama, na mama alikuwa Musoma.

Mama yangu alisoma hadi darasa la nne. Alikuwa na friza moja la kufunguka juu, limekaa sebuleni kama ndugu mwingine, na kazi yake ilikuwa kugandisha maji. Aligandisha ya kuuza kwa watoto, ya kwenye vifuko vyembamba, na ya kwenye chupa na madumu kwa kina mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, waliohifadhi samaki wao mpaka wapate gari. Mikono yake ilikuwa baridi siku zote. Akikushika shavu unaruka.

Nilifika nyumbani jioni nikiwa nimelia njia nzima. Nilimweleza kila kitu. Hakunikatisha, hakusema pole, hakusema nimekoma. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Walijaza mpaka wapi?"

"Mpaka juu, mama. Mpaka kwenye kizibo."

Alicheka kwa pua, kicheko kisicho na raha. "Na huyo ni mwalimu?"

Akaenda jikoni akarudi na chupa mbili za kioo, za sharubati, za aina moja, zenye vifuniko vya kuzungusha. Akazikagua moja moja kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole mdomoni mwa kila moja kutafuta ufa. Akazifunga ndani ya kanga na kuzitia kwenye kikapu.

"Kesho tunaenda wote," alisema.

Tulikuwa ofisini kwa mkuu wa shule saa mbili na nusu asubuhi. Mkuu alikuwa nyuma ya meza, mwalimu wa fizikia kwenye kiti cha pembeni, na makamu wa mkuu, mama mtu mzima aliyefundisha Kiswahili, karibu na kabati. Mama alisalimia kila mmoja kwa zamu, kwa heshima, akapiga goti kidogo kama anavyofanya kwa wakubwa. Mkuu akaanza kusoma kosa langu kutoka kwenye daftari: kuharibu mali ya shule kwa makusudi.

"Naomba kusema, baba mkuu," mama alisema alipomaliza. "Mimi kazi yangu ni barafu. Maji ikiganda inatakaga nafasi. Inahemaga. Ukijaza chupa mpaka shingoni, chupa inapasuka hata kama haikuguswa na mtu. Huyu mtoto hajavunja kitu. Aliyejaza ndiye amevunja."

"Mama, hapa ni shule," mkuu alisema. "Hapa si mahali pa kufundishana barafu."

"Basi tujaribu. Nimekuja na chupa mbili." Akazitoa akaziweka mezani, juu ya karatasi zao. "Moja tujaze mpaka juu. Nyingine tuache vidole vinne. Tuweke kwenye friji mpaka kesho. Zikitoka nzima zote mbili, mtoto ni wenu, mmfukuze."

Mkuu akatazama chupa zile kama vile zimetoka jaani. Akasema friji la maabara limefungwa, na halifunguliwi kwa ajili ya michezo. Mama akasema sawa, duka la hapo getini lina friza la soda, tutaomba hapo. Mkuu akasema hata zikipasuka, shule itajuaje kwamba hatukuzipasua sisi wenyewe kwa jiwe?

Nilidhani hapo ndipo tumefika mwisho. Lakini yule makamu akainuka akaenda kwenye kabati.

"Nitazifunga mimi," alisema.

Mkuu akamwangalia. Yeye hakumwangalia mkuu. Alitoa vitambaa viwili vya kufutia ubao vilivyokuwa vipya. Alikwenda na mama yangu hadi bombani, akaona kwa macho yake maji yakijazwa, akapima vidole vinne kwa vidole vyake mwenyewe. Kila chupa akaifunga kwa kitambaa chake, akakaza kwa uzi, akapitisha kipande cha karatasi juu ya fundo na kukigonga muhuri wa shule. Akazibeba yeye kwa mikono yake hadi dukani. Sijapata kumwona mtu akitembea kwa hasira ya taratibu namna ile.

Tulilala Guta kwa mama mdogo. Kesho yake saa mbili tulikuwa pale pale ofisini, watu wale wale, na makamu akaingia na vile vifurushi viwili kwenye beseni. Mihuri ilikuwa mizima. Akaikata mbele ya mkuu kwa mkasi. Kitambaa cha kwanza kilipofunguka vipande vya kioo vilimwagika kwenye beseni, na barafu ikabaki imesimama, umbo la chupa bila chupa. Cha pili akakifungua polepole zaidi. Chupa ilikuwa nzima. Barafu ilikuwa imepanda ndani yake, ile nafasi ya vidole vinne imepungua, lakini nzima. Mama akaigonga kwa kucha. Ikalia vizuri.

Kisha mwalimu wa fizikia akakohoa.

"Hili si jambo geni," alisema. "Hili tunalijua. Liko kwenye silabasi."

Nakumbuka jinsi mama alivyogeuka. Aligeuka mwili mzima, na kikapu chake.

"Ulikuwa unajua?"

"Mama, mimi ni mwalimu wa somo hilo."

"Kama ulikuwa unajua, mwanangu alichapwa kwa nini?"

Alisema kuna suala la maelekezo, kwamba mwanafunzi aliambiwa friji na yeye akaweka kwenye barafu. Nikasema, na sauti ilinitoka kabla sijaomba ruhusa, "Uliniambia weka juu, mwalimu. Chini kulikuwa na sato wako. Na ulijaza wewe."

"Mwanafunzi hambishii mwalimu!" mkuu alisema, na akapiga meza hadi beseni likaruka.

Kisha akatoa hukumu. Nirudi darasani, kosa lifutwe kwenye daftari, lakini ufunguo niurudishe na maabara nisiingie mpaka hapo itakapoamuliwa. Hakuna aliyesema samahani. Sio kwangu, sio kwa mama, ambaye alikuwa ameacha friza lake na wateja wake siku mbili. Makamu alitusindikiza hadi getini, akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ahsante, dada." Mama akambakishia ile chupa nzima. Akasema ikiyeyuka atakunywa maji.

Haikuamuliwa kamwe. Mwaka ulipokwisha ilibandikwa orodha ya wanaoingia kidato cha tatu, na jina langu lilikuwa upande wa sanaa. Alama zangu za fizikia zilikuwa za pili darasani. Nilikwenda kuuliza. Niliambiwa nafasi za sayansi zimejaa.

Zimejaa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijua kabisa kinachotokea kitu kikijazwa bila kuachiwa nafasi, lakini sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nilimaliza kidato cha nne kwa alama zisizonipeleka popote. Mama hakuniruhusu nikae nyumbani kusikitika. Alinipeleka chuo cha ufundi, na nilipoulizwa nataka fani gani nikasema majokofu. Tulikuwa wasichana wawili, mwenzangu akahamia ushonaji baada ya mwezi. Nilijifunza kompresa, gesi, kuchomelea mirija ya shaba, kusikiliza mota kwa sikio. Leo nina kibanda changu Buhare, nje kidogo ya mji wa Musoma, na naitwa na watu hadi Bunda, hadi Butiama. Wateja huniita "mama friji". Nayajua majokofu kama ninavyoyajua mapigo ya moyo wangu. Ila kwa miaka yote hiyo, mtu akiniuliza kwa nini chupa imepasuka, nilijibu kama mama: maji yakiganda yanataka nafasi. Na kama mtu aliendelea kuuliza kwa nini yanataka nafasi, sikuwa na cha kusema. Sikuwa tayari kusema anomalasi.

Halafu mwaka jana niliitwa shule moja Butiama kutengeneza friji la maabara. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, tochi mdomoni, niliposikia kelele za watoto uwanjani. Nikachungulia dirishani. Mwalimu kijana, wa kike, amevaa raba, alikuwa amelitoa darasa lote nje, juani. Alikuwa anafundisha kwa Kiswahili. Nilizima tochi.

"Kila mmoja wenu ni chembe moja ya maji," alikuwa anasema. "Una mikono miwili ya kushika, na una mabega mawili ya kushikwa. Sawa? Sasa ninyi ni maji ya uvuguvugu. Tembeeni. Mshike mwenzako bega, mwachie, mshike mwingine. Msisimame."

Watoto wakaanza kuzunguka, wanasukumana, wanacheka, wanashikana na kuachiana, wamebanana kama mchwa.

"Angalieni, mna nafasi ndogo mnayochukua, kwa sababu hamjatulia. Mwenye upenyo anapenya. Mnapopoa mnapunguza mwendo, mnasogeleana hata zaidi. Sasa baridi kali imekuja. Hakuna tena nguvu ya kumwachia mwenzako. Kila mmoja anyooshe mikono yake yote miwili, imara, ishike mabega ya watu wawili tofauti, na yeye akubali kushikwa mabega yake na watu wengine wawili. Mikono isikunjwe! Iwe kama fimbo!"

Iliwachukua muda. Walipishana, walibishana nani amshike nani, mwalimu akawa anawapanga kwa mabega. Na nikaona. Walipokwisha kushikana, mikono imenyooka, hakuna aliyeweza kumkaribia mwenzake tena. Kulikuwa na duara za watoto sita sita, zimeungana ubavu kwa ubavu, na katikati ya kila duara hamna mtu. Ardhi tupu. Darasa lile lile, watoto wale wale, hajaongezeka hata mmoja, lakini wa pembeni walikuwa wamesukumwa hadi kwenye maua ya mkuu wa shule.

"Mmeongezeka?" aliuliza.

"Hapanaaa!"

"Mbona mmekanyaga maua?"

"Tumejipanga!"

"Basi hiyo ndiyo barafu. Ndiyo maana inaelea. Ina matundu ndani. Vikombe kumi na kimoja vya maji, vikiganda, vinataka nafasi ya vikombe kumi na viwili. Usipoipa, inaichukua. Tukirudi ndani tutaandika Kiingereza chake."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara, mgongo kwenye ukuta. Watu wangefikiri nalia kwa furaha. Nilikuwa na hasira. Kumbe ni hivyo tu! Haihitaji flaski. Haihitaji wafadhili. Inahitaji vumbi la uwanja, watoto, na mtu mmoja asiyeogopa kuulizwa. Nusu saa. Mimi nilinyimwa nusu saa ile, nikapewa viboko, nikapewa sanaa, na nikazunguka miaka na miaka nikibeba friji za watu mgongoni huku sijui kilichomo ndani ya barafu niliyochapiwa.

Nilipomaliza kazi nilimtafuta yule mwalimu kijana nikampa mkono. Nilitaka kumwambia mengi. Nilimwambia tu, "Umefundisha vizuri, mwanangu." Akaona aibu, akasema mkuu wake amemgombeza kwa ajili ya maua.

Wiki haikuisha kabla sijakwenda Nyamuswa. Nilikuwa nimesikia zamani kwamba mwalimu wa fizikia alistaafu akarudi kwao huko, ana ng'ombe. Nilipanda basi hadi senta, nikachukua bodaboda, nikafika kwake saa tano. Nilimkuta amekaa kivulini ukutani, amevaa suruali yenye mkunjo ule ule. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaagiza nipewe kiti na maziwa ya mgando. Nikajitambulisha: jina, mwaka, shule, mimi niliyekuwa na ufunguo wa maabara, flaski tatu, mama aliyekuja na chupa.

Aliniangalia kwa uungwana mkubwa.

"Wanafunzi walikuwa wengi," alisema. "Flaski... hapana. Sikumbuki."

"Hukumbuki mama aliyeweka chupa kwenye friza la duka?"

"Hapana, binti yangu. Lakini karibu sana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vitu vyote. Kukana, kugomba, hata kuomba msamaha. Kusahauliwa sikujiandaa nako. Mimi kila siku nikifungua friji la mtu, kabla sijaona kitu kingine, naona lile friji. Yeye alikuwa ameniacha pale pale Jumatatu ile ile.

"Naomba nikuulize kitu, mwalimu," nikasema. "Kwa nini maji yakiganda yanatanuka?"

Akatabasamu, akafurahi kuulizwa, akaanza kusema lile neno.

"Hilo ni jina," nikamkatisha. "Nauliza kwa nini."

Tabasamu likabaki usoni bila kazi. Alitazama boma la ng'ombe. "Kwenye mitihani hakukuwa na kwa nini ya hilo," alisema. "Waliuliza taja, eleza maana, chora mchoro. Sisi wenyewe tulifundishwa hivyo."

"Ungesema hujui."

"Mwalimu aseme hajui? Mbele ya darasa?"

Aliniuliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayeulizia njia. Basi nikainuka, nikamwonyesha pale uani. Mikono miwili ya kushika, mabega mawili ya kushikwa, mikono isikunjwe. Nilimweleza matundu ya katikati. Nilimweleza kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, na sikupunguza sauti. Alisikiliza, nitampa haki hiyo, alisikiliza vizuri, na mara moja alinyoosha mkono wake mwenyewe mbele akautazama.

"Aa," alisema. "Kumbe."

Maziwa niliyanywa, kwa sababu mama alinilea. Nilipoaga alinisindikiza hadi njiani, akaniuliza sasa nafanya kazi gani. Nikamwambia.

"Ehe! Mungu amekuleta," alisema. "Friji langu huu mwezi wa pili haligandishi vizuri. Ingia basi ulitazame."

Nikamtajia fundi mwingine, kijana mmoja wa Bunda, mzuri. Nikapanda bodaboda.

Nilipofika Musoma nilimsimulia mama yote. Somo la mikono na mabega lilimfurahisha sana, alinifanya nilirudie mara mbili huku yeye ananishika bega kwa mkono wake wa baridi. Lakini niliposema nimekataa friji la mwalimu, alinuna.

"Ungemtengenezea," alisema. "Ungemtengenezea vizuri, likagandisha kuliko zamani. Angekaa nalo ndani kila siku, akilifungua anakukumbuka."

"Mama, yule hajui hata alifanya nini."

"Ndio nasema ungetengeneza."

Tumebishana kuhusu hilo hadi leo. Yeye anasema nina roho ngumu. Mimi nasema alinyamaza dirishani huku mwanafunzi wake anachapwa kwa kosa lake yeye, na fundi ana haki ya kuchagua mlango wa kubisha. Hatujakubaliana, na sidhani kama nataka tukubaliane.